Malori Yanayoshuka Kimya

Chumba chake kilikuwa cha kwanza kutoka kwenye kona. Zamani kilikuwa cha nne.

Alikuwa fundi cherehani, fundi hasa, wa kutazama bega lako mara moja na kukuambia kwamba koti ulilovaa lilikatwa na mtu mwenye haraka. Lakini pale chini ya mteremko watu hawakumsifia mkono. Walimwita Masikio, na hata wateja waliotoka mbali walimwulizia kwa jina hilo.

Barabara kuu ilishuka kutoka kilimani kilomita sita bila kupumzika, ikafika mbele ya mlango wake, ikapinda ghafla na kuingia darajani. Ukiitazama kutoka juu ungeipenda: pana, lami nyeusi, haina shimo hata moja. Madereva wageni waliipenda vilevile, mpaka walipofika chini.

Miaka kumi na mmoja ya kukaa pale ilimfundisha kusikiliza. Lori linaloshuka kwa gia nzito hulalamika. Injini hunguruma na kukoroma njia nzima, mpaka vikombe vinacheza kabatini. Kelele hiyo iliwaudhi wateja waliokuja kupimwa nguo, lakini yeye ilimtuliza. Alichokiogopa ni kimya. Dereva akitaka kubana mafuta, hutoa gia pale juu na kuliacha gari lijiendee lenyewe, likisukumwa na mzigo wake. Hapo injini haisikiki tena. Husikii ila upepo na matairi yakifyonza lami, na ukishaisikia sauti hiyo, gari lenyewe limekwisha kufika. Fundi akiisikia, mguu wake uliganda juu ya pedali. Hakushona tena mpaka lori lipite kona na kuvuka daraja.

Hakuzaliwa na woga huo. Katika mwaka wake wa tatu pale, asubuhi moja ya jua kali, lori la unga lilishuka kimya, likashindwa kona na kuingia katika vyumba vitatu vya mwanzo. Waliokufa walikuwa saba. Waliopona walitoka vifusini weupe kutoka utosini hadi unyayoni, wakikohoa, na jamaa zao hawakuwatambua mpaka waliposema. Jirani yake wa chumba cha tatu, fundi viatu, alitolewa bila mguu wa kushoto. Siku nne baadaye mvua ilinyesha, na barabara yote pale kwenye kona ikawa uji.

Vyumba vile havikujengwa tena. Kiwanja kilifagiliwa, na haukupita mwaka kabla ya wachuuzi kuweka meza zao palepale, kwa sababu pale ndipo magari yalipopunguza mwendo, na mwenye gari hununua akipunguza mwendo. Mwenye meza ya mbele kabisa alikuwa mama muuza matunda, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Fundi viatu naye alirudi, na gongo lake na sanduku lake la nyundo.

"Mimi nashona viatu viwili, navaa kimoja," alikuwa akiwaambia wateja. "Faida tupu."

Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu. Nyuma ya daftari lake la vipimo, mahali ambapo hakuna mteja angefungua, alipiga mstari mmoja kwa kila lori lililoshuka kimya. Wiki ya kwanza mistari ishirini na tisa. Wiki ya pili thelathini na nne. Alhamisi na Ijumaa mistari ilisongamana, kwa sababu siku hizo malori yalikimbilia kushusha mzigo kabla maghala ya mjini hayajafungwa. Mwisho wa mwezi alilitazama lile daftari, akashika tama. Alijiona kama mtu anayepima nguo ya mtu ambaye bado hajamjua.

Miongoni mwa malori yaliyopita pale lilikuwamo la mdogo wake.

Huyo alimlea mwenyewe kwa cherehani ileile, tangu kijana akiwa na miaka tisa na wazazi wao wameshazikwa. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, ana mke na watoto wawili, na anaendesha lori la matofali. Madereva wenzake walimwita Turubai, maana alikuwa na kipaji cha kusinzia popote pale bora ajifunike. Lori lake lilikuwa na komeo lililolegea kwenye bodi ya nyuma, likigonga mara mbilimbili. Dada mtu alilijua komeo hilo kama anavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, alikuwa anampima kiuno mama mmoja aliposikia komeo likigonga. Mara mbili, kisha mara mbili. Injini hakuisikia. Futi ikamponyoka.

"Vipi, nimenenepa kiasi hicho?" yule mama alitania.

 Fundi alisimama na pini mdomoni mpaka lori likapita mlangoni kama kivuli, likalalia kona, likavuka daraja.

Dakika kumi baadaye mdogo wake alikuja kwa miguu, kama kawaida yake, na mfuko wa machungwa.

"Dada, habari za kazi?"

"Umeshuka na injini?"

"Injini gani tena? Kuna gari linalotembea bila injini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Alicheka, akaweka machungwa juu ya meza ya kukatia, akatafuta mahali pa kutazama. Mwishowe alisema, "Dada, mafuta tunapimiwa kama dawa ya kikohozi. Yakiniishia njiani, msalaba wangu. Pale juu ukitoa gia, unarudisha karibu kipimo ulichopoteza kupanda. Kila mtu anafanya. Na breki zangu nazijua."

Fundi viatu alikuwa ameketi nje, mlango uko wazi. Bila kuitwa, alijiinua kwa gongo lake, akaja mpaka kizingitini, akakunja mguu mtupu wa suruali.

"Yule wa unga naye alizijua," alisema. "Aliniambia mwenyewe, tukiwa wote hospitali. Kisha akafa."

Turubai akamwangalia, akainamisha macho.

"Sikiliza, mdogo wangu," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida. "Ukitaka kuja kwangu, njoo ukinguruma. Ukija kimya, usiniite dada."

Kijana, kwa maana kwake alikuwa bado kijana, alitoka bila kuaga. Machungwa yalikaa mezani siku tatu bila mtu kuyagusa, mpaka fundi viatu akayabeba akisema hana ugomvi nayo.

Wiki tatu Turubai hakusimama. Alipita tu. Lakini kuanzia Jumatatu iliyofuata komeo lilifuatana na injini, na injini ilikuwa inakoroma hasa, kwa gia ya pili. Mke wake alipiga simu.

"Wifi, umemfanya nini mume wangu? Anafika kwenye ghala wa mwisho kila siku. Wenzake hawamwiti tena Turubai, wanamwita Konokono."

"Konokono ana nyumba ya kurudi," fundi alijibu, na wote wawili wakacheka, kila mmoja kwa sababu yake.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde, akachana zile kurasa za nyuma, akavaa gauni lake la kutokea na kwenda ofisi ya barabara. Alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka makarani walipoanza kumwonea haya. Mhandisi aliyempokea alikuwa mtu mpole, mwenye macho yaliyochoka na kofia ngumu iliyowekwa juu ya lundo la majalada.

"Hii ni nini, mama?"

"Malori."

"Yaliyopata ajali?"

"Ambayo hayajapata."

Mhandisi alihesabu mistari kimoyomoyo, akipita na ncha ya kalamu. Kesho yake alikuja mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha wateja, saa mkononi, kuanzia saa mbili asubuhi. Saa nzima ya kwanza hakusikia kitu, na alikuwa karibu kusema hivyo, fundi alipoinua kidole. Lori la mafuta lilipita mlangoni kimya kabisa, karibu kiasi kwamba pazia liliingia ndani na kutoka. Mhandisi aliondoka na kiti hatua mbili nyuma bila kujijua.

Alipoketi tena, alieleza kwamba dawa ipo. Kabla ya kona huchimbwa njia ya pembeni inayopanda kidogo, ikajazwa changarawe nene isiyoshindiliwa. Lori lililoshindwa breki likiingia humo, magurudumu yanazama na changarawe inalishika.

"Lini?" fundi aliuliza.

"Ikiingia kwenye mpango, miaka miwili. Labda mitatu."

"Na kabla ya hapo?"

Mhandisi alizungusha kofia mikononi. Ng'ambo ya daraja, nyuma ya tuta, kulikuwa na uwanja mpana ambao mafundi wa daraja waliuacha umejaa changarawe iliyobaki. "Ile changarawe ni mali ya umma," alisema polepole. "Sina ruhusa ya kumpa mtu." Akavaa kofia. "Ila dereva wa greda ameamriwa asafishe ule uwanja, na hajapata pa kuimwaga. Akitokea mtu wa kumwonyesha mahali, mimi sitakuwa na sababu ya kuuliza."

Dereva wa greda alionyeshwa mahali. Kulikuwa na njia ya zamani ya machimbo, iliyoacha barabara upande wa nje wa kona, hatua mia mbili kabla ya meza za wachuuzi. Siku mbili greda lilisukuma na lori la kumwaga likamwaga, na watu wa pale wakatoka na makoleo. Fundi viatu alisawazisha akiwa amekaa chini, akisogea kwa makalio, akiwatukana wenye miguu miwili kwa uvivu. Walipomaliza, walitundika rimu ya tairi kwenye nguzo ya mti karibu na kona, na chuma cha kuipigia hatari ikitokea.

Lakini meza zilikuwa bado pale. Changarawe inashika lori ambalo dereva wake ameiona na kuiwahi. Asiyeiwahi anakuja moja kwa moja.

Ule uwanja ulikuwa sasa mtupu, mpana, umejificha nyuma ya tuta, na magari yangeweza kuingia na kusimama. Fundi alikuwa wa kwanza kuhama. Alikodi banda la mabati mle uwanjani, akabeba cherehani yake kichwani, na wiki mbili za mwanzo alikaa bila mteja hata wa kushonewa kifungo. Fundi viatu alimfuata, kisha muuza mitumba, kisha wa chumba cha dawa. Mmojammoja, wakinung'unika, meza zikavuka daraja. Ikabaki ya mama muuza matunda.

"Wewe nguo zinakufuata hata ukihamia mwezini," alimwambia fundi. "Maembe yangu nani atayafuata nyuma ya tuta?"

"Watazoea."

"Nikiwa nimekufa njaa?"

"Dada yangu, hapa utakufa na kitu kingine."

"Kumbe unanitabiria kifo! Asubuhi yote hii!" Na akaendelea kupanga mapapai yake, makubwa mbele, madogo nyuma.

Fundi hakuacha. Kila alipopata kisingizio alivuka daraja kwenda kumtia maneno. Na alipokuwa pale, ngozi ya mgongo ilimsisimka muda wote, kama mtu aliyegeuzia mgongo mlango wazi.

Siku ilipofika ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, mbingu nyeupe. Fundi alikuwa ametoka kuchukua kitambaa cha mteja, kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa kwa ajili ya gauni la harusi, na amekikumbatia ndani ya karatasi. Alisimama kwenye meza ya matunda. Mama muuza matunda alikuwa akimwambia kwamba labda, labda tu, mwezi ujao angejaribu huo uwanja siku mbili.

Hapo fundi alisikia komeo likigonga mara mbilimbili, na injini ikikoroma kwa gia ya pili. Moyo ukatulia. Konokono wake alikuwa njiani, salama salimini.

Ila aliendelea kusikiliza, kwa mazoea, na chini ya kelele ile aliona kuna kitu hakiko sawa. Kwa muda hakujua ni nini. Injini ya mdogo wake ilijaza masikio yake yote, ikafunika kila kitu kingine. Kisha, kati ya mkoromo na mkoromo, alisikia upepo.

Alitoka mpaka ukingo wa barabara. Lori la matofali lilikuwa linashuka taratibu. Nyuma yake, mbali bado lakini si mbali tena, semitrela lenye shehena ya nondo lilikuja taa zimewaka mchana kweupe. Halikupiga honi. Baadaye walielezwa kwamba honi ile ilitumia upepo mmoja na breki, na upepo wote ulikuwa umekwisha. Dereva alikuwa ametoa mkono dirishani, anaupunga juu na chini, juu na chini.

Fundi alikibana kitambaa kwapani, akaipiga rimu. Aliipiga mpaka chuma kikamkata kiganja. "Kimbia!" alipiga kelele, na safari hii mama muuza matunda hakubishana. Aliruka boksi la maembe, akamshika fundi mkono, wakaambaa na ukuta wa vile vyumba vitupu.

Turubai alikwisha kumwona yule mtu kwenye kioo. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu. Angeweza kutoa gia na kujaribu kuvuka kona na daraja kabla ya yule mwingine kumfikia. Mkono wake ulishakuwa kwenye gia. Lakini alijua kwamba akifanikiwa, lile semitrela litafika kwenye kona likiwa halina wa kulizuia. Akaacha gia ilipo, akazungusha usukani kuelekea kwenye changarawe ili aingie nalo, na kabla hajaifikia akagongwa.

Kishindo kilimfikia fundi kifuani kabla ya masikioni. Malori mawili yaliingia njia ya machimbo yameshikana. Changarawe ilirushwa juu kama maji, ikaanguka kama mvua ya mawe, na magurudumu yakazama mpaka kwenye ekseli. Yalisimama kabisa. Lakini nondo hazikusimama. Hazikuwa zimefungwa kama inavyotakiwa, na gari lilipokwama zenyewe ziliendelea mbele, zikapita kwenye kibanda cha semitrela lenyewe. Tatu zilichomoka na kuruka hadi kwenye kona. Moja ilitoboa ile meza ya matunda katikati na kusimama wima, ikitikisika.

Fundi alikimbia juu ya changarawe, akizama hadi vifundoni. Mlango wa lori la matofali ulikuwa umejikunja. Mdogo wake alikuwa amebanwa kiunoni, uso umepauka, jasho linamtiririka.

"Dada," alisema, "sikutoa gia."

"Najua. Nimekusikia."

"Sikutoa kabisa."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Usiongee."

Alimshika mkono kwa ile nafasi ndogo iliyobaki, mpaka watu wakaja na mitalimbo. Walipomtoa na kumpakia kwenye gari la wagonjwa, fundi aligeuka nyuma. Hakuna aliyekuwa amekwenda kwa yule dereva mwingine, maana hakukuwa na la kumfanyia. Alikuwa mkubwa kidogo tu kuliko mdogo wake, ana ndevu zilizonyolewa vizuri. Mkono wake ulikuwa bado nje ya dirisha. Fundi alifungua karatasi, akatoa kile kitambaa cha harusi, akakikunjua chote na kumfunika.

Mwenye kitambaa aliambiwa yote. "Hata mimi ningefanya hivyo," alisema. "Tutanunua kingine." Hakulizungumza tena.

Askari wa barabarani walilikagua semitrela siku mbili. Breki za magurudumu manne zilikuwa hazifanyi kazi tangu zamani. Mabomba yake yalivuja, na badala ya kubadilishwa yalizibwa kwa msumari na kufungwa waya. Shehena ilizidi uzito. Dereva alikuwa amelala saa tatu tu katika siku mbili, na simu yake ilikuwa na miito kumi na minne ya asubuhi ile, yote kutoka kwa tajiri wake, anayemuuliza amefika wapi. Alipofika juu ya mteremko alitoa gia ili kufidia muda, na alipoziita breki hazikuitika.

Tajiri alikuja kwenye mahojiano na shati la mikono mirefu, akasema marehemu alikuwa mzembe. Fundi alikuwa ameitwa kama shahidi. Aliomba aulize swali moja.

"Ule waya kwenye bomba la breki, dereva aliufunga mwenyewe?"

Tajiri akamtazama wakili wake. Chumba kizima kikamtazama tajiri.

Hiyo ndiyo siku pekee fundi alipojiona ameshinda kitu, na haikudumu. Hospitalini alimkuta wifi yake ameketi kando ya kitanda, anamenya chungwa ambalo mgonjwa hakulitaka. Nyonga ya Turubai ilikuwa imevunjika mahali pawili. Alikuwa amelala kwa dawa.

"Wifi," yule mwanamke alisema bila kuinua macho, "angekuwa anashuka kama zamani, saa ile angekuwa ameshavuka daraja."

Fundi alikuwa ameshajiambia maneno hayo mwenyewe, kila siku tangu Alhamisi, akiwa anashona. Hata hivyo yalimwingia kama mapya.

"Ni kweli," alisema. "Na lile semitrela lingekuja kwetu pale kwenye meza. Tulikuwa wawili."

"Ninyi si mume wangu."

 Fundi aliketi upande wa pili wa kitanda mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Walitoka pamoja hadi getini, wakaachana.

Ikapita miezi mitano. Juu ya mteremko pakawekwa kituo, na mhandisi safari hii alisaini kwa jina lake. Kila lori lilitakiwa kusimama, breki zikaguliwe, na dereva ashuke kwa gia nzito. Turubai hakuweza tena kukanyaga klachi. Alipewa kazi kituoni, na akatembea na fimbo kutoka lori hadi lori, akiinua uso dirishani na kuuliza, "Gia ya ngapi?" Madereva waliomjua walimtania, "Konokono, tuachie njia!" Hakuwaachia mpaka wamjibu. Njia ya machimbo ilipanuliwa ikawekewa changarawe mpya, na kibao chenye mchoro wa lori linalozama.

Siku moja mtoto wa kike wa Turubai alikuja bandani na gauni la mama yake, kuukuu, la kupunguzwa pindo. Hakuleta salamu. Fundi alilipunguza, akaimarisha na mishono ya mabega iliyokuwa imelegea, akalipiga pasi na kulirudisha. Wiki iliyofuata lilikuja jingine.

Wachuuzi walizoea uwanja. Mama muuza matunda alijigamba kwamba yeye ndiye aliyeuona mapema kuwa ni mahali pazuri, na fundi viatu alimwita shujaa wa maembe. Siku zikawa za kawaida, watu wakaanza kusahau ni nini hasa kiliwaleta nyuma ya tuta.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, fundi alivuka daraja kwenda kununua uzi. Kwenye kona, palepale palipokuwa na meza ya matunda, alikuta mwavuli mwekundu, na chini yake meza mpya yenye chupa za maji na soda. Mwenyewe alikuwa mwanamke mgeni, mjamzito, mwenye uso wa upole, anafuta vumbi kwenye chupa. Hatua chache kando yake mtu mwingine alikuwa anachimba shimo la mwavuli wa pili.

"Karibu maji, mama, ya baridi," alisema yule mwanamke.

"Nani amekuambia ukae hapa?"

"Hakuna. Nimeona pako wazi, na magari yanapunguza mwendo." Alitabasamu. "Nashangaa hakuna mtu aliyepaona."

Fundi alitazama juu ya barabara. Basi lilikuwa linakuja, na nyuma yake malori mawili, na nyuma ya hayo mengine, mpaka kule ambako macho hayakufika. Aliweka kikapu chake chini. Hakusimulia habari ya unga wala ya nondo, kwa sababu aliona mikono ya yule mwanamke ikipanga chupa, kubwa nyuma, ndogo mbele, na akajua kwamba ataanza kubishana na mtu mpya, na kwamba atabishana hivyo maisha yake yote.

Akashika pembe mbili za meza.

"Shika huko," alisema. "Kwanza tuihamishe. Nitakueleza tukiwa ng'ambo."

Mwanamke alisita, akamwangalia usoni, kisha akaangalia lile kovu kwenye kiganja chake. Chupa ziligongana. Akainama, akashika upande wake.